Kuvundika tumbaku ya kiko hapa Tanga: niliyojifunza kwa kuharibu kwanza

Mi ni fundi mafriji, kibanda changu kipo Ngamiani, na kwa miaka ishirini na kitu kazi yangu kubwa imekua kutafuta panapovuja. Friji inakuja haigandishi, mwenyewe anaapa kompresa imekufa, napaka povu la sabuni kwenye bomba naona kipovu kinatutumka, basi tundu ndo hilo hapo. Nayasema haya mapema ili mkifika kwenye ile sehemu ya beseni mjue kwamba nilikua na kila sababu ya kutofanya ujinga ule na bado nikaufanya.

Mambo yalianza mwaka 2009 alipofariki mjomba wangu. Mjomba alikua karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, mtu wa suruali iliyonyooshwa na daftari kwapani, na kila jioni ana kiko mdomoni. Sisi watoto tukipelekwa kumsalimia tulikua tunajua amekaa wapi kabla hatujamuona maana harufu ilikua inatangulia, harufu kama ya tende zilizosahaulika kabatini ikichanganyika na mkate unaotoka motoni. Baada ya arobaini mkaza mjomba akaniita chumbani akavuta sanduku la bati, ndani kulikua na viko viwili na makopo manne ya Capstan ya bluu, yale ya Wills wa Bristol, hayajafunguliwa hata moja. Meneja wao Mgiriki alimuachia mjomba alipokua anafunga virago mwaka 1986, mjomba akayaweka, na alipokua akiulizwa anasema bado hayajaiva.

"Chukua mwanangu, we ndo ulikua unapenda kukaa nae," mkaza mjomba akaniambia. "Mi nimebaki na mashati yake, harufu bado ipo humo."

Hilo neno la kuiva nililiona la kizee tu. Tumbaku iive kwenye kopo, ni embe? Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mjomba alikua anaivundika, hivohivo kama watu wanavyovundika ndizi, unaifunika unaiacha na yenyewe inafanya kazi yake gizani.

Kimoja katika vile viko kilinichekesha, kwa sababu kimeandikwa Kiko. Yaani kiko kimeandikwa Kiko, na alama ya tembo pembeni. Nikadhani ni mtoto wa mtu kachora, kumbe ndo jina la kampuni bana. Zamani kule Sinya, Longido, karibu kabisa na mpaka wa Kenya upande wa Amboseli, kulikua kunachimbwa jiwe fulani laini jepesi sana, Tanganyika Meerschaum Corporation walikua wanalichonga viko Arusha vinauzwa mpaka nje. Jiwe hilo linalojulikana zaidi ni la Eskişehir, Uturuki, na jina lake la Kijerumani, meerschaum, maana yake ni povu la bahari, ikawa mi mtu wa pwani nimerithi povu la bahari lililochimbwa kwa Wamasai. Kiko cha pili kilikua cha mzizi wa mti wa braya, mti wa pande za Mediterania ambao mzizi wake hauungui kirahisi, ndo maana viko vingi duniani vinachongwa kwa huo.

Basi nikafungua kopo la kwanza. Nilikua mvuta sigara wakati ule, kwahiyo nikafanya kama mvuta sigara: nikajaza kichwa cha kiko mpaka juu nikashindilia kama nataka kuziba mfereji, nikawasha njiti nikavuta kwa nguvu mapafu yote mawili. Dakika tano ulimi ulikua kama umepitishwa kwenye pasi. Siku tatu nakula ugali na maziwa mgando tu, pilipili siwezi, chai ya moto siwezi, mke wangu anauliza nimeugua nini namwambia fangasi. Nikasema mjomba alikua mtu wa ajabu, hii adhabu alikua anaifurahia vipi miaka yote hiyo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa baraza letu la kahawa, baharia mstaafu, watu wote wanamwita Serahangi kwa sababu ya cheo alichokua nacho melini. Nilimpa shikamoo nikakaa, akaniona navuta mate, akauliza una nini, nikamuelezea. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Alafu akasema lete hilo kopo.

Nilichojifunza kwake jioni ile ndo kitu ambacho naona watu wengi wanaoanza kiko wanakikosa, na kinaanzia mbali, kinaanzia kwenye jani lenyewe. Tumbaku ya Virginia, ambayo ndo iliyomo kwenye Capstan, ndo ileile wakulima wa kwetu Tabora wanayoiita tumbaku ya mvuke, kwa sababu inakaushwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, kwa joto la moto unaopita kwenye mabomba, moshi haugusi jani. Jani likiingia linakua bichi limejaa wanga, kwenye joto la taratibu siku za mwanzo ule wanga unageuka sukari na jani linakua njano, alafu joto linapandishwa kabla jani halijaila ile sukari yake, kila kitu kinasimama palepale. Baley, aina nyingine ya tumbaku inayokaushwa kwa hewa tu, inachukua wiki nyingi kufa, na katika kufa kwake inaila sukari karibu yote. Kwahiyo Virginia ni jani lenye sukari, na sukari ndo raha yake na ndo balaa lake, ukiivuta kwa pupa inaungua moto sana na unyevu wake unageuka mvuke unaopika ulimi. "Hii hawaivuti," Serahangi akasema, "hii wanaibembeleza. Vuta kama unakunywa kahawa inayochoma." Na kweli kama umewahi kunywa kahawa ya barazani unajua, huipigi funda, unaifyonza na hewa kidogo kwa pembe ya mdomo. Ndo hivohivo. Na moshi hauendi mapafuni, unakaa mdomoni unatoka.

Kitu cha pili ni unyevu. Ile Capstan imekatwa vipande bapa vyembamba kama vijikaratasi vya ngozi, wanaita fleki, inatoka kwenye kopo bado ina maji. Wazungu wanakuambia iache hewani nusu saa itakauka yenyewe. Sasa hewa ya Tanga wakati wa masika inakausha nini? Ukiacha fleki mezani mwezi wa nne unaikuta imelowa kuliko ulivyoiacha. Serahangi alikua anaweka zake kwenye kipande cha gazeti juu ya bati la kahawa. Mi nikapata njia ya kifundi, naziweka kwenye karatasi juu ya kompresa ya friji kule nyuma, pana joto la kiasi tu, dakika kumi zinatosha, nikizibana kwa vidole hazinati tena ila hazivunjiki. Mke wangu alikuta siku moja akafikiri ni majani ya dawa za mganga nimewekewa kwenye friji, tukagombana kidogo.

Alafu nikaivuta tena ile tumbaku, safari hii kidogokidogo, kiko cha jiwe kile, nimekaa Raskazone kwenye mawe kusi linavuma, na hapo ndo nikamuelewa mjomba. Sijui niseme vipi. Virginia changa, niliyokuja kuivuta miaka ya baadae, ina ukali wa nyasi zilizokatwa asubuhi na limao kidogo, ni nzuri ila inaruka ruka mdomoni kama mtoto. Hii ilikua imekaa zaidi ya miaka ishirini. Rangi yake ilishatoka kwenye dhahabu imekua kahawia nyeusi kama sukari guru, na ladha ilikua huko huko kwenye sukari guru, zabibu kavu, ganda la mkate, na mwishoni kabisa kitu cha ugwadu kwa mbali kama ukwaju. Haikua tamu ya kuongezewa. Ni kwamba kona zote zilikua zimelainika, hakuna kinachokuchoma. Niliongeza moto mara tatu tu kiko kizima. Saa moja na robo nimekaa palepale, wavuvi wa ngalawa wamerudi wamegawana samaki wameondoka, mi bado.

Sasa ningekua na akili ningeyaheshimu yale makopo matatu yaliyobaki. Mi nikayapanga kwenye rafu kule kibandani yawe kama pambo. Kibandani pana bati juu, mchana joto la kupikia mayai usiku panapoa, na hewa ya chumvi ya bandarini inapita hapo kila siku ya Mungu, mi mwenyewe nawaambia wateja friji za Tanga zinaliwa na kutu kuanzia chini miguuni, wapake mafuta. Makopo yangu sikuyapaka kitu. Joto la mchana linatanua hewa ndani ya kopo, usiku inasinyaa, kopo linapumua kidogo kidogo kila siku mpaka ule mpira wa mfuniko unachoka. Mwaka 2012 nafungua la pili, halikutoa ile sauti ya fyuu. Ndani mlikua na vumbi. Nimegusa fleki ikawa unga, harufu hakuna, ni kama kufungua kaburi la panya. Chini ya kopo, pale palipogusana na rafu, kutu ilikua imetoboa kijitundu kidogo kuliko punje ya mtama.

Ndo tunafika kwenye beseni.

Nilishikwa na hofu juu ya mawili yaliyobaki. Akili ya ufundi ikaniambia pima kama unavyopima bomba, weka kwenye maji ya sabuni uone kama linatoa povu. Nikachukua kopo kutoka kwenye rafu la moto, mchana saa nane, nikalizamisha kwenye beseni la maji ya mtungi yaliyopoa vizuri. Hakuna povu. Nikafurahi, nikaligeuza, bado hakuna. Nikaliacha humo nikamuhudumia mteja, nikarudi baada ya robo saa. Sasa we fikiria, povu linatoka pale ambapo ndani kuna msukumo kuliko nje. Kopo la moto ukilitia kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa, na kama lina tundu basi halitoi kitu, LINAVUTA. Nilikua nalinywesha kopo maji ya sabuni kwa mkono wangu, mtu niliyeshika geji toka nina miaka kumi na tisa. Nilipolifungua wiki moja baadae ilikua inanukia kama nguo za Jumapili. Nilijaribu kuianika, nilijaribu hata kuivuta, msinihukumu. Ladha ya Foma.

La nne sikulipima. Nililifuta vizuri, nikalipaka mafuta ya nazi nje, nikaliviringisha kwenye kitambaa, tukalifungua na Serahangi Idi Mosi ya mwaka ule, lilikua zima, tukalimaliza kwa miezi miwili na hiyo sina cha kuelezea zaidi kwa sababu tulikua tunakaa kimya muda mwingi.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuivundika mwenyewe. Mpwa wangu yuko Uingereza, alipokuja likizo mwaka 2014 akaniletea makopo manane ya gramu 50 ya Full Virginia Flake ya Samuel Gawith, hawa ni watu wa mji wa Kendal wapo toka mwaka 1792. Tumbaku yao inakuja imelowa vibaya sana, fleki nene nyeusi nyeusi, ukiivuta ikiwa hivo unakunywa supu. Nikasema makopo na Tanga basi, nahamishia kwenye kioo. Nikanunua chupa za kioo zile za jemu zenye mfuniko wa kuzungusha, nikazichemsha, nikazikausha juani siku nzima, nikahakikisha raba ya mfuniko haina ufa.

Na hapa nikafanya kosa langu la pili la kifundi, hili ninalipenda zaidi kwa sababu lilionekana la akili. Nikawaza, kinachoharibu ni hewa, kwenye friji kabla hujaweka gesi unavuta hewa yote kwa pampu mpaka bomba liwe tupu kabisa, sasa kwanini nisiivutie hewa na tumbaku? Nikatoboa mifuniko minne nikafunga vali za friji, nikaziba pembeni kwa gundi ya chuma, nikaunganisha pampu nikavuta mpaka sindano ya geji ikalala karibu na 30 upande wa hasi. Zilipendeza balaa. Chupa nne zina vali kama mitungi ya hospitali. Chupa mbili nyingine nilizifunga kawaida tu kwa mkono kwa sababu vali ziliisha. Nyingine mbili tulizivuta na Serahangi mwaka uleule. Zote sita nikaandika tarehe kwa plasta, nikaziingiza chini ya kitanda kwenye boksi, moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, maana kwenye nyumba yangu hapo ndo pana ubaridi kuliko kote na mwanga haufiki.

2017 nikafungua moja ya kila aina, tukakaa barazani na Serahangi, yeye nikamfunga macho kwa leso ili asichague kwa kuona vali. Ya pampu ilikua... ni ileile. Miaka mitatu, ileile kama niliyoiweka juzi, rangi ileile, nyasi zilezile, unyevu uleule. Ile ya kufunga kwa mkono ilikua imeshaanza safari, harufu ya tende imeanza kuja, kwenye fleki kuna chembe ndogo zinazometameta. Serahangi akavuta ya pili kidogo akasema "hii umeitoa kwa mjomba wako?" Nikakaa chini.

Kumbe ile hewa kidogo inayobaki juu ya chupa ndo kianzio. Vijidudu vidogo na sukari na vitu vingine vya kwenye jani vinahitaji hewa kidogo vianze kazi, inatumika mpaka inaisha, alafu mabadiliko yanaendelea taratibu bila hewa miaka na miaka. Ukiiondoa yote mwanzoni umeigandisha, na ukiiacha iingie na kutoka ovyo umeikausha. Yaani nilifanya kazi ya friji kweli kweli, nilihifadhi, sikuivundika. Hata ndizi ukiifunga kwenye plastiki bila hewa haiivi, bibi yangu aliyekua anachimba shimo la kuvundikia Pongwe angeniambia bure. Nikazifungua zile tatu zilizobaki nikaziruhusu zipate hewa ya baraza dakika kadhaa nikafunga kawaida. Zimebaki mbili sasa, na mwaka baada ya mwaka zinakua nyeusi.

Kuhusu zile chembe, ntasema kidogo kwa sababu nilikaribia kumwaga. Mara ya kwanza nilidhani ni ukungu. Pwani ukiona cheupe kwenye kitu chochote unatupa, huo ndo malezi tuliyopewa. Ukungu una manyoya manyoya, unasambaa kama buibui na unanuka stoo yenye maji. Hizi chembe ni kavu, bapa, zinang'aa ukizielekeza kwenye jua kama chumvi iliyobaki kwenye mwamba maji yakikupwa. Pua ndo hakimu. Na kopo likivimba kidogo usiogope kama unavyoogopa kopo la maharage, tumbaku ikiwa inafanya kazi ndani inatoa gesi. Nilishawahi kupeleka kopo lililovimba mpaka kwa jirani anichimbie shimo, nikarudi nalo njiani.

Jingine, tumbaku iliyokaa inalainika ladha ila nguvu yake haiondoki. Ramadhani moja nikasema naifungulia na kiko, tende moja na maji nikawasha. Dunia ilizunguka, nikashikilia nguzo ya baraza kama nipo kwenye dau wakati wa kaskazi, jasho la baridi, tarawehe sikwenda. Toka siku hiyo nakula kwanza nashiba. Na nisije nikawadanganya, moshi ni moshi, usipoumeza kinywa chako bado kinaubeba, daktari wa meno hunikagua na hafurahii, navuta mara mbili kwa wiki, kwangu watoto hawakai karibu na kama hujawahi kuanza basi soma tu hii stori ucheke inatosha.

Sasa Urambo. Mwaka uleule wa 2017 niliitwa kufunga chumba cha ubaridi huko Tabora, kazi ya wiki tatu, na dereva wa lori tuliyezoeana akanipeleka kwa shemeji yake mkulima wa tumbaku Urambo nikaone. Niliikuta bani inawaka. Ndani majani yamening'inizwa kwenye vijiti kama popo, joto limeanza nyuzi 35 hivi limepandishwa siku kwa siku mpaka kufikia 70, karibu wiki nzima moto hauzimiki, na huyu bwana halali, analala kwa vipande pembeni ya tanuru na saa ya simu inamuamsha. Akazembea joto likishuka, jani linaota madoa, likiruka juu ghafla linapata rangi mbaya, daraja linashuka na fedha inashuka nayo. Kuni zilizolundikwa pale zilinitisha, miombo mizima. Nikamwambia kwamba wanasema ufundi huu wa kupata jani la njano ulianzia kwa kijana aliyelala kazini. Alikua mtumwa, anaitwa Stephen, shambani kwa Abisha Slade huko Caswell, North Carolina, mwaka 1839, alipitiwa na usingizi moto ukakaribia kufa, akakimbilia mkaa wa muhunzi akautupia, joto likapanda ghafla na majani yakawa ya dhahabu. Bwana wake akatajirika. Mkulima akakaa kimya akachochea moto, alafu akasema "na yeye walimpa nini?" Nikasema sijasoma mahali walipompa kitu. Pande hizo ndo njia ya zamani ya misafara ya watumwa ilikua inapita kutoka Ujiji kupitia Tabora kushuka Bagamoyo, kwahiyo lile swali halikuhitaji kuendelezwa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba huyu bwana amelima Virginia miaka kumi na minane na hajui ladha yake. Anavuta sigara, moja moja, ila jani lake mwenyewe linafungwa robota linaenda kwenye chama cha msingi, linapangiwa daraja, linaondoka. Akaniuliza, kwani nyie mnaovuta viko mnaisikiaje? Nikashindwa kumjibu, ni kama kumuelezea mtu harufu ya mvua. Akaniokotea sakafuni mwa banda la kupangia madaraja majani yaliyovunjika, yale ambayo sokoni hayaendi, kama kilo moja, nikafunga kwenye shuka.

Jani lililotoka kwenye bani halivutiki vizuri kwenye kiko, linachoma kama karatasi. Nikalinyunyizia maji likalainika, nikatoa ule mshipa wa katikati, nikaliweka kwenye chujio juu ya sufuria la maji yanayochemka, nyumba nzima ikanuka mke wangu akaenda kwa dada yake. Likiwa bado moto nikalipanga kwenye boksi la chuma nililochomelea mwenyewe, mbao juu, jeki ya gari juu ya mbao, nikalisukuma kwenye fremu ya mlango wa chuma wa kibanda. Kila asubuhi naongeza nusu mzunguko. Wiki sita. Lilitoka tofali jeusi jeusi zito linalokatika kwa kisu kama kashata, nikalikata fleki, nikalifunga chupa tatu kwa mkono, bila pampu, na hewa kidogo juu.

Serahangi hakuifikia. Alituacha 2020, kiko chake mwanae kanipa, sijakivuta.

Mwezi wa nane 2022 nikafungua chupa ya kwanza. Ilikua imefanya vizuri kuliko nilivyostahili. Haina ule uzito wa Kendal, ni nyepesi zaidi, ila kulikua na asali ya porini na kitu kama ganda la muwa lililokaushwa, na haikuuma kabisa. Nikajaza kikopo kidogo cha mafuta ya mgando kilichooshwa vizuri, nikampa dereva apeleke Urambo pamoja na kile kiko cha braya cha mjomba, maana yeye hana, na maelekezo nimeandika kwenye karatasi: kula kwanza, vuta kama kahawa ya moto.

Wiki mbili kimya. Alafu jioni moja simu inaita.

"Fundi, hii umeweka asali ngapi?"

"Sijaweka asali."

"Sukari je?"

"Sijaweka kitu bwana, ni yale majani yako ya sakafuni."

Akanyamaza. Nikasikia anafyonza, taratibu, kama nilivyomuandikia, na nyuma yake mtu anamuuliza kitu kwa Kinyamwezi. Alafu akarudi kwenye simu.

"Ile jeki ulisema ni ya tani ngapi?"